Hospitali Ipi Itamfundisha Binti Yetu?

Jumapili moja, baada ya Misa ya kwanza, mama mmoja wa mtaa wa Mabanga, hapa Goma, alitungoja mlangoni mwa kanisa. Mama huyu huuza sambaza sokoni, na kwa samaki hao wadogo wa Ziwa Kivu amemsomesha binti yake mpaka miaka ya mwisho ya masomo ya udaktari. Mkononi alishika karatasi iliyokunjwa mara nne. Akatuambia, "Mwalimu, unisomee hii, kisha uniambie kama inafaa niuze kiwanja."

Tukaisoma. Ilikuwa hesabu ya safari. Binti alitaka kwenda miezi miwili katika hospitali kubwa ya nchi nyingine, akajifunze kazi huko. Nauli ilikuwamo, na pango la chumba, na chakula, na ada ambayo hospitali ile humtoza mwanafunzi mgeni. Jumla yake ilikaribia bei ya kiwanja chenyewe, yaani kile kipande cha mawe meusi ya volkano ambacho marehemu mumewe alikinunua ili siku moja wajenge nyumba ya kudumu. Na sababu ya safari? Binti alikuwa amesikia kwa wenzake kwamba mwanafunzi asiyekwenda nje hahesabiwi kuwa daktari kamili.

Hatukumjibu mama siku ile. Tulimwomba arudi pamoja na binti yake Jumapili iliyofuata. Katika juma lile tuliuliza huku na huku, kwa maana kuuliza si ujinga. Tukazungumza na waganga, na wauguzi, na wanafunzi wenyewe. Hayo tuliyoyapata tunayaandika hapa, kwa kuwa twajua kwamba nyumba zenye swali kama hilo si moja wala mbili katika parokia zetu.

STAJI NI KITU GANI

Yafaa kwanza wazazi waelewe maneno haya. Udaktari haufundishwi darasani peke yake. Mwanafunzi hukaa na vitabu miaka kadhaa, kisha hupelekwa wodini, akasimame kando ya kitanda cha mgonjwa. Ndiyo staji. Wodi zilizo kubwa ni nne: ya maradhi ya ndani, ya upasuaji, ya watoto, na ya akina mama wajawazito. Staji hizi za lazima hupangwa na chuo. Lakini mara nyingine mwanafunzi huachiwa nafasi ya kujichagulia mahali pa kukaa majuma machache. Hiyo twaweza kuiita staji ya hiari.

Baadaye, akiisha kupata shahada yake, daktari kijana aweza kuendelea kusomea ubingwa: upasuaji, au maradhi ya watoto, au maradhi ya wanawake. Kazi hiyo ni ya miaka, wala si ya majuma. Anayesomea ubingwa hufanya kazi hospitalini usiku na mchana chini ya mabingwa, na tabia za hospitali ile humwingia mpaka mifupani. Staji ya hiari ni kama kwenda kutazama jinsi jirani anavyolima shamba lake. Ubingwa ni kuhamia kwake na jembe lako.

Basi uchaguzi huu wa pili ni mzito kuliko ule wa kwanza. Lakini wote wawili wataka macho yaleyale.

TULIKOTOKA

Nchi yetu ilipopata uhuru mwaka 1960 haikuwa na Mkongo hata mmoja aliyemaliza masomo kamili ya udaktari. Walikuwako wauguzi hodari na wasaidizi wa waganga, watu waliofanya kazi nyingi za daktari bila cheo chake. Wengi wa wasaidizi hao walipelekwa Ufaransa kwa msaada wa Shirika la Afya la Ulimwengu ili wakamilishe masomo. Chuo Kikuu cha Lovanium, kilichofunguliwa Kinshasa mwaka 1954, kilikuwa ndicho kwanza kinaanza kuwalea madaktari wake. Hapa Kivu, hospitali ya Katana, karibu na Bukavu, ilikuwa imejengwa kabla ya mwaka 1940 kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Louvain cha Ubelgiji.

Leo mambo ni mengine. Goma ina Chuo Kikuu cha Goma, na kile cha Nchi za Maziwa Makuu cha ndugu zetu Waprotestanti. Bukavu ina Chuo Kikuu cha Kikatoliki, ambacho wanafunzi wake hujifunza katika Hospitali Kuu ya Mkoa ya huko. Tena ina Chuo Kikuu cha Kiinjili, ambacho wanafunzi wake huenda Panzi. Butembo ina Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben. Babu zetu hawakuwa na pa kuchagua. Sisi tuna tatizo la kuchagua. Hilo ni jambo la kushukuru, lakini mwenye kuchagua lazima ajue anachokitafuta.

MASWALI MATANO

Waganga tuliozungumza nao walisema kwa njia mbalimbali, lakini maneno yao twaweza kuyapanga katika maswali matano.

La kwanza: Ni nani atakayefundisha? Wengi huuliza habari za majengo na mashine. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hospitali yaweza kuwa na ghorofa nyingi, na bingwa wake akaonekana mara moja kwa juma, tena akiwa na haraka. Uliza: Je, daktari mkubwa hupita vitandani kila asubuhi pamoja na wanafunzi? Je, waliokesha huwaeleza wenzao habari za usiku? Mgonjwa akifa, je, hukaa pamoja wakatafuta sababu bila kufichana na bila kutukanana? Uliza pia wanafunzi ni wangapi. Wakiwa ishirini kwa kitanda kimoja, yule wa nyuma atajifunza mgongo wa mwenzake tu.

La pili: Wagonjwa wake ni wa namna gani? Daktari wa nchi yetu hana budi kujua malaria, kipindupindu, utapiamlo wa watoto, kifua kikuu, uzazi wenye taabu, na mifupa iliyovunjika, kwani pikipiki na chukudu huleta watu hospitalini kila siku. Mwanafunzi akienda mahali ambapo maradhi haya hayaonekani, ataona mambo ya ajabu na kurudi hajui yale ya kila siku. Tena hospitali iliyojaa majeruhi wa risasi peke yao humfundisha upasuaji wa vita, lakini yaweza isimfundishe kumzalisha mama.

La tatu: Mikono yangu itafanya nini? Hapa kuna hatari pande mbili. Ziko hospitali ambamo mwanafunzi haruhusiwi kugusa kitu. Sisi wenyewe tuliwahi kumtembelea kijana wetu katika hospitali moja, ambayo hatutaitaja, tukamkuta tangu mwezi mzima anaandika majina katika daftari tu. Na ziko nyingine ambamo mwanafunzi huachwa peke yake usiku na mgonjwa mahututi, kwa sababu daktari amekwenda zake. Ya kwanza humnyima elimu. Ya pili humfanya mgonjwa maskini kuwa ubao wa kujifunzia. Hospitali njema humwacha mwanafunzi afanye kazi, na mkubwa wake amesimama karibu.

La nne: Usafi wao ukoje, na maskini hutendewaje? Maswali haya mawili tumeyaweka pamoja makusudi, kwa kuwa yote huonyesha kama hospitali inamheshimu mtu. Tazama kama maji na sabuni vipo, kama glavu zinabadilishwa, kama sindano zilizotumika zinatupwa katika sanduku lake. Kisha tazama mlangoni. Inajulikana kwamba katika hospitali nyingi za nchi yetu, mgonjwa aliyepona huzuiliwa asiende kwake mpaka alipe deni. Hata mama mzazi hukaa na kitoto chake majuma na majuma. Hospitali nazo zina shida zao, maana wauguzi lazima walipwe. Lakini mwanafunzi atakayezoea kumpita mama huyo bila hata kumsalimu, amekwisha kujifunza somo baya.

La tano: Je, karatasi yake inakubaliwa? Vijana hulidharau swali hili, na baadaye hulia. Kabla ya staji, pateni barua ya chuo inayokubali hospitali hiyo. Kabla ya kuanza ubingwa, hakikisheni kwamba chuo kinachotoa shahada kinatambuliwa na serikali na Halmashauri ya Waganga ya nchi ambamo kijana atafanya kazi. Miaka minne ya jasho bila karatasi halali ni maji yaliyomwagwa juu ya mawe ya Nyiragongo: hayarudi.

HOSPITALI ZA MJINI KWETU

Watu wa Goma tumezoea kudharau cha kwetu. Hebu tuangalie.

Hospitali ya HEAL Africa ilianzishwa mwaka 2000 na Daktari Kasereka Lusi, bingwa wa mifupa, pamoja na mkewe Lyn. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji, ikaiharibu hospitali hiyo changa. Wakaijenga tena. Tangu hapo imejulikana mbali kwa kunyosha miguu ya watoto waliozaliwa na kilema na kwa kuwapasua wanawake wenye fistula, ugonjwa ule wa aibu unaotokana na uzazi uliokwama au na ukatili wa vita.

Huko Ndosho, katika hospitali ya Wabaptisti, wapasuaji wa Msalaba Mwekundu walianza mwaka 2012 kuwatibu majeruhi wa vita pamoja na waganga wa hapa. Kyeshero ilisaidiwa miaka mingi na Madaktari Wasio na Mipaka, na watoto wenye utapiamlo wameokolewa pale. Hospitali ya Mkoa nayo hupokea watu wa kila namna.

Mwishoni mwa Januari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23, hospitali hizi zilijaa majeruhi hata wakalazwa chini. Wako madaktari na wauguzi waliokaa siku kadhaa bila kurudi makwao. Hatusemi kwamba vita ni shule njema. Mungu atuepushe nayo. Twasema tu kwamba waliofanya kazi siku zile wana jambo la kumfundisha mwanafunzi, ambalo hawezi kulipata kwa ada yoyote ng'ambo.

WAWILI WALIOCHAGUA

Tuwatazame sasa watu wawili ambao uchaguzi wa hospitali uligeuza maisha yao.

Wa kwanza twamjua wote. Denis Mukwege wa Bukavu alisoma udaktari Bujumbura, akikusudia kuwatibu watoto. Kisha akaenda kufanya kazi Lemera, hospitali ya milimani, mbali na mji. Huko aliwaona wanawake wakiletwa baada ya uzazi wenye taabu, wamechanika, wengine wakiwa wamebebwa mwendo mrefu. Lemera ikambadili nia. Akaenda Angers, Ufaransa, kusomea maradhi ya wanawake, naye alipomaliza akarudi Lemera. Hospitali ile ilishambuliwa mwaka 1996 wakati wa vita. Mwaka 1999 akaanzisha Panzi, na mwaka 2018 akapewa Nobeli ya Amani. Angalieni mpango wa safari yake. Hospitali ya kijijini ndiyo iliyomwonyesha ubingwa wa kutafuta. Ng'ambo alikwenda baadaye, akijua alichokifuata.

Wa pili ni Matthew Lukwiya wa Uganda, mtoto wa mwuza samaki aliyekufa maji mwanawe akiwa angali mdogo. Mwaka 1983 alikuja kujifunza kazi katika hospitali ya Kikatoliki ya Lacor, huko Gulu, iliyoanzishwa na wamisionari Wakomboni mwaka 1959. Walioiongoza walikuwa Daktari Piero Corti na mkewe Lucille Teasdale, mpasuaji. Wao hawakumfundisha kwa maneno tu. Lucille aliambukizwa Ukimwi katika kuwapasua majeruhi wa vita, akaendelea na kazi miaka, akafa mwaka 1996. Lukwiya alipelekwa Liverpool kusomea maradhi ya watoto, akapata alama za juu sana, akaalikwa kubaki kufundisha. Akarudi Gulu.

Mwaka 2000 alikuwa masomoni Kampala alipoitwa arudi upesi, maana wanafunzi wa uuguzi walikuwa wakifa kwa homa isiyojulikana. Alipekua vyeti vya wagonjwa usiku, akatambua kwamba dalili zile zafanana na Ebola, akatoa habari bila kungoja. Akawatenga wagonjwa, akawafundisha wauguzi kujivika nguo za kinga. Usiku mmoja muuguzi aliyekuwa mgonjwa alihitaji msaada wa haraka. Lukwiya akakimbia kwake, na macho yake hayakufunikwa. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000. Amezikwa palepale Lacor, karibu na Lucille aliyemfundisha.

Hiyo ndiyo maana ya neno tulilosema: hospitali unayojifunzia hukuingia mifupani.

NA YAMBUKU

Lakini haifai kuwadanganya vijana kwamba moyo mwema peke yake watosha. Mwaka 1976, katika misioni yetu ya Yambuku, kaskazini mwa nchi, masista waliwahudumia watu kwa upendo mwingi, bila daktari. Kila asubuhi walitoa sindano chache tu, zikatumika kwa wagonjwa wengi bila kuchemshwa kati ya mmoja na mwingine. Ebola ikaenea kwa njia hiyo. Katika watumishi 17 wa hospitali, 11 walikufa, masista wakiwamo, na hospitali ikafungwa. Hatuwahukumu marehemu, walitoa uhai wao. Ila tunajifunza kwamba upendo usiochemsha sindano waweza kuua.

Sisi watu wa Kivu ya Kaskazini twajua habari hiyo. Ebola iliyotangazwa kwetu tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 iliua watu 2,287. Julai 2019 ilifika hata Goma. Kwa hiyo mzazi asione haya kuuliza: Je, hospitali itampa mwanangu glavu? Je, akichomwa na sindano kwa bahati mbaya, kuna dawa ya kumkinga siku ileile? Je, amechanjwa homa ya ini? Tena aulize habari za njia. Hospitali yaweza kuwa njema na barabara yake ikawa ya bunduki. Ushujaa ni wa yule anayejitoa mwenyewe; kumtuma mtoto wa mwenzako hatarini si ushujaa.

JIBU LETU KWA MAMA

Jumapili ya pili mama akaja na binti yake. Tukawaeleza maswali matano. Binti alisikiliza kwa adabu, lakini uso wake haukufurahi. Mwishoni akasema, "Mwalimu, wenzangu wanapanda ndege, nami mwataka nibaki hapa kwenye mawe?"

Hatukumkemea, kwa kuwa swali lake lilikuwa la haki. Tulimjibu hivi. Kwenda nje si vibaya. Nsambya ya Kampala, iliyoanzishwa na Mama Kevin mwaka 1903, imewalea mabingwa. Bugando ya Mwanza, hospitali ya Maaskofu wa Tanzania, vilevile, na huko wagonjwa husema Kiswahili kama wewe. Siku ya kutafuta ubingwa, ukipata msaada wa masomo, nenda, ila ujifunze Kiingereza mapema, kwa kuwa wewe umesoma kwa Kifaransa. Lakini staji ya majuma manane kwa bei ya kiwanja cha mama yako, ili tu uitwe mtu aliyetoka nje, hiyo si elimu. Ni nguo ya kuazima.

Tukamwomba afanye jambo moja: aziandikie hospitali mbili barua zenye maswali yale, ile ya ng'ambo na nyingine ya wilayani, ambayo mwalimu wake wa chuo aliisifu. Ile ya ng'ambo ilimjibu kwa kumtumia orodha ya ada. Ile ya wilayani ilijibiwa na daktari mkuu mwenyewe, kwa mkono wake. Alieleza kwamba wako waganga watatu tu, kwamba umeme hukatika, kwamba picha za mionzi mara nyingine hakuna, lakini kila asubuhi saa moja na nusu wote hukutana, na mwanafunzi hakeshi peke yake.

Binti alikaa na barua zile mbili siku tatu. Kisha akachagua ya pili.

Amekwisha kurudi. Hakutusimulia mambo makubwa. Alisema kwamba usiku wake wa kwanza aliletwa mama mwenye uchungu tangu jana yake, na mkunga mzee, asiye na shahada ya chuo kikuu, alimshika mkono na kuuweka juu ya tumbo la yule mama, akamwambia angoje, asiharakishe, ahisi kwanza. Alingoja. Akahisi jinsi mtoto alivyolala. Ndipo wakamwita daktari, mama akapasuliwa, na wote wawili wakapona. Binti akatuambia kwamba jambo lile alikuwa amelisoma vitabuni mara nyingi, akapata alama nzuri katika mtihani, na kumbe alikuwa hajalijua.

Hatusemi kwamba kila mmoja afanye kama yeye. Mwenzake mmoja alikwenda nje kwa msaada wa masomo, akarudi na elimu safi, nasi twamfurahia. Wala binti huyu hajamaliza safari. Ubingwa ungali mbele yake, na swali la hospitali litarudi, zito kuliko lilivyokuwa. Safari hii atajua kuuliza.

Kiwanja cha Mabanga kingalipo. Juma lililopita tulimwona mama akiwasimamia vijana wawili, wanayavunja mawe meusi kwa nyundo ili wasawazishe mahali pa msingi.